Inasemaje? Jina la Kanga baina ya Sanaa na Duka

Ukisimama kwa muda katika duka la kanga pale Mchangani, mjini Unguja, hasa siku za mwisho za Ramadhani, utashuhudia jambo ambalo halionekani katika maduka mengine ya nguo. Mteja, aghlabu mwanamke wa makamo, hunyoosha kidole juu ya rafu. Mwenye duka huivuta doti na kuikunjua nusu juu ya meza. Mteja huipapasa kujua uzito wa pamba, hutazama pindo, hutazama mji. Kisha, kabla hajauliza bei, huuliza: "Inasemaje?" Mwenye duka husoma kwa sauti maneno yaliyochapwa chini ya mji. Mteja hufikiri kidogo. Pengine hucheka na kufungua mkoba. Pengine husema, "Hii siitaki, mwanangu, itanizulia maneno kwa wifi yangu," na doti hurudishwa mahali pake.

Swali hilo la neno moja ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Ni swali la kifasihi, lakini huulizwa mbele ya mizani ya biashara, na jibu lake huamua kama fedha itatoka au haitatoka. Kwa muda mrefu tumezoea kusikia malalamiko mawili yanayopingana. Wasanii wetu husema kwamba biashara imeiua sanaa. Kwamba mshairi wa leo hutunga kwa ajili ya mfuko wa mtu, na mwimbaji huimba kinachouzika. Wafanyabiashara nao hujibu kwamba sanaa haimlishi mtu, na kwamba bila ya soko hakuna msanii ambaye angejulikana nje ya mtaa wake. Kanga huwatatiza wote wawili. Haijapata kuwako siku hata moja ambapo kanga haikuwa bidhaa. Ilizaliwa dukani, ikakulia bandarini, na hata hivyo ndani yake mna mistari ambayo mshairi yeyote wa pwani angeona fahari kuwa imetoka kwake. Basi ikiwa biashara huua sanaa, kanga imeishi vipi? Na ikiwa biashara huilea sanaa, kwa nini leo tunaiona kanga ikinyamaza?

Tuanze na bandari. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, majahazi na merikebu zilileta Unguja shehena za marekani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Marekani ilikuwa nguo ya kazi, na nguo ya mtumwa. Ikitiwa rangi ya nili ikawa kaniki, na kaniki nayo haikuwa vazi la heshima. Mwanamke aliyefungwa kaniki alijulikana kwa mbali ni wa daraja gani. Ndipo zikaja leso, neno tulilolirithi kwa Wareno, vile vitambaa vya rangi vilivyouzwa kwa jora bila ya kukatwa. Husimuliwa kwamba wanawake wa mjini walinunua vipande vyake sita, wakavishona vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi jipya. Wafanyabiashara waliona, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima kwa kipimo hicho. Jina la kanga, husemwa, lilitokana na yale madoadoa meupe juu ya rangi ya kiza, mfano wa manyoya ya ndege yule.

Tuzingatie mpangilio wa mambo hayo. Aliyebuni alikuwa mnunuzi, muuzaji alimfuata. Kiwanda kilichokuwa mbali, Uholanzi au Uingereza, na baadaye India na Japani, kilichapa kile ambacho mwanamke wa Ng'ambo alikwisha kukishona kwa mkono wake. Na utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka katika utumwa waliiacha kaniki na kuvaa kanga. Hawakuhitaji hati ya kadhi kutangaza kwamba wamekuwa waungwana; walikwenda dukani. Mtu anayedharau biashara ya nguo na akumbuke kwamba kwa wanawake hao, doti ya kanga ilikuwa ndiyo tamko la uhuru lililosomeka njiani.

Maneno yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887 na ambalo kanga zake hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ndilo linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza kutia misemo katika kanga. Maneno hayo yaliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Sababu ilikuwa ushindani. Rangi huigwa kwa wepesi, na pindo huigwa kwa wepesi zaidi. Msemo mpya uliompendeza mteja uliweza kumaliza shehena kabla jirani hajapata kuagiza yake. Kwa hiyo utanzu huu mfupi kuliko tanzu zote za fasihi yetu haukutoka msikitini, wala ikulu, wala chuoni. Ulitoka katika hesabu ya mwenye duka aliyetaka kumpita mwenziwe.

Na hapa pana jambo la ajabu ambalo wahakiki hatujalitilia maanani ipasavyo. Kanga huandikwa nani ni mwenye alama, lakini haiandikwi nani ni mtunzi. Tunaambiwa mali ni ya nani. Hatuambiwi maneno ni ya nani. Mara nyingine mwenye duka mwenyewe alitunga, mara nyingine alimlipa mtu mwenye ulimi, mara nyingine mteja alimletea maneno yake na kumwomba ayachape. Kisha kanga ikanunuliwa, na tangu dakika hiyo maneno yakawa ya aliyevaa. Hakuna asemaye, "Fulani ametunga hivi." Husemwa, "Umeona alivyonivalia?" Mtunzi wa mwisho wa jina la kanga ni mnunuzi wake.

Wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa mizani na vina, kwa hiyo tuyapime majina machache yanayojulikana na kila nyumba. *Hasidi hana sababu*: mizani minane kamili, kipande halali cha shairi la wazee wetu. *Wewe wasema cha nini, mwenzio asema nitakipata lini*: kipande cha kwanza ni minane tena, kisha cha pili kinarefuka hadi kumi na mitatu, kama mtu aliyeanza kwa utulivu akashindwa kujizuia, na kina cha *ni* kinawafunga wote wawili. *Sisi sote abiria, dereva ni Mungu*: minane na sita, na ule upungufu wa mwishoni ndio unaoleta kituo, kwani baada ya kumtaja huyo dereva hapana la kuongeza. *Japo sipati tamaa sikati*: mitano na sita, vina viwili vya *ti* vikigongana kama bangili. Na *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*, ambapo ufundi wote umo katika silabi moja: *meno* yakiongezwa *an* kati yake hugeuka *maneno*, na kwa kugeuka huko hupoteza makali. Mshairi wa gungu angeweza kujifunga kwa beti tano kulisema hilo, na wala asilimalize.

Hata hivyo uzuri wa jina la kanga hauko katika mizani peke yake. Uko katika fumbo, na juu ya fumbo hilo nina dai ambalo najua litapingwa. Tumezoea kusema kwamba fumbo ni tabia ya ustaarabu wa pwani, haya na adabu za watu wasiopenda kusema jambo waziwazi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Fumbo la kanga limefunzwa na biashara. Fikiria mfanyabiashara anayeagiza doti elfu kadhaa zenye maneno mamoja. Doti hizo zitanunuliwa na wanawake ambao hawajuani, kila mmoja akiwa na mkasa wake: huyu ana mke mwenza, yule ana deni, huyu ana mama mgonjwa, yule ameposwa na watu wakasema hataolewa. Maneno hayo mamoja lazima yatoshe katika mikasa yote. Yakimtaja mtu, hayatauzika kwa mwingine. Yakieleza jambo lililotokea, yatafia hapo hapo. *Hasidi hana sababu*: hasidi ni nani? Nafasi imeachwa wazi, na mnunuzi ndiye atakayeijaza. Kwa hivyo hitaji la kuuza kwa wengi, ambalo katika sanaa nyingi huzaa maneno ya ovyo, hapa lilizaa ufupisho na utata wenye faida. Mashine ilitaka sentensi moja kwa watu elfu. Lugha ikajibu kwa sentensi moja yenye maana elfu.

Kuna faida ya pili. Mwanamke aliyeanika kanga yake kambani, jina likielekea mlango wa jirani, amesema na hakusema. Akiulizwa, atajibu kwamba nguo imefuliwa na jua liko upande ule. Maneno si yake, yamechapwa. Wala hakuyachapa yeye, ameyanunua. Mwanaisimu Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili, alilitazama jambo hili kwa makini: kwamba kanga humpa mwanamke njia ya kusema mahali ambapo ulimi wake ungelaumiwa. Mimi naongeza hili tu: kinga hiyo anaipata kwa sababu kanga ni bidhaa. Angaliandika mwenyewe kwa mkono wake juu ya nguo, kinga ingetoweka. Ni ile hali ya kuwa nguo imetoka dukani, na kwamba wengine mia wanayo, inayomwezesha kusema, "Mimi nimenunua kanga tu."

Taarabu, dada yake kanga, inatupa ushahidi kama huo. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyetoka shamba akiuza vyungu, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 pamoja na wenzake kurekodi santuri kwa kampuni ya gramafoni. Kampuni ile ilikwenda kutafuta faida, si kuhifadhi utamaduni wa Waunguja. Lakini santuri zake ziliufanya wimbo wa Kiswahili usikike katika mikahawa ya pwani nzima, na Shaaban Robert akaona maisha ya mwimbaji yule yanastahiki wasifu. Katika taarabu pia msikilizaji ni mtunzi wa pili. Mwanamke huinuka na noti mkononi, huenda kwa madaha mbele ya mwimbaji ubeti unaomhusu unapofika, na kwa kutunza kwake huugeuza ubeti wa jumla kuwa neno lake kwa mtu fulani aliyekaa safu ya tatu. Fedha ile ni ujira, lakini ni sahihi vilevile.

Tukumbuke pia yaliyotokea katika miaka ya 1990, wakati wa rusha roho na mipasho, vikundi vya Muungano na TOT vilipokuwa vikishindana Bara, na East African Melody ikivuma pande zote. Wazee waliteta kwamba mafumbo yamekwisha na matusi yameingia. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwani mlikuwamo ucheshi na ufundi mwingi. Ila walilihisi jambo la kweli. Ugomvi wa waimbaji wenyewe ulipokuwa ndio bidhaa, msikilizaji aliyekuwa akinunua ubeti autumie kwa shida yake aligeuka mtazamaji wa shida za wengine. Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na mtu mwingine, nayo ilijazwa jukwaani, kabla hajafika mlangoni.

Sasa tuitazame kanga ya leo kwa kipimo hicho. Kinachoihatarisha si biashara, kwa kuwa biashara ndiyo mama yake. Kinachoihatarisha ni mabadiliko ya nani anayechagua maneno, na kwa ajili ya nani.

Namna ya kwanza ni kanga ya tangazo. Tangu zamani zilikuwako kanga za sherehe na za siasa. Viwanda vya ndani, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa Uchina na kufunguliwa mwaka 1968, vilichapa kanga za chama, za mashujaa na za maadhimisho. Baadaye zikaja kanga za miradi: za chanjo, za uzazi wa mpango, za kujikinga na ukimwi. Kisha zikaja za makampuni, zenye alama ya bidhaa katikati ya mji na maneno ya kuisifu mahali pa jina. Sina ugomvi na makusudio ya miradi hiyo, na baadhi yake imeokoa roho za watu. Lakini tuitazame sentensi yenyewe. Kanga inayokuhimiza upime afya yako ina maana moja, na maana hiyo imeshafungwa ofisini. Mvaaji hawezi kumwambia wifi yake neno lolote kwayo. Zaidi ya hayo, kanga hiyo hutolewa bure, kwenye semina au kwenye mkutano wa kampeni. Na nguo ya bure haina swali. Nani aliyepewa kanga mkutanoni akauliza inasemaje? Aliyepewa hana haki ya kuirudisha rafuni. Mnunuzi alikuwa mhakiki. Mpokeaji ni ubao wa matangazo unaotembea.

Isidhaniwe kwamba kila kanga ya tukio ni mfu. Mwaka 2008, Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani, ilitoka kanga yenye sura yake na pongezi zake, na chini yake yakawekwa maneno yanayosema kwamba upendo na amani ametujalia Mungu. Aliyeitunga alijua kazi yake. Tukio lilipewa mji, lakini jina liliachiwa dua ambayo bibi wa Makunduchi angeweza kuivaa kwenye harusi miaka kumi baadaye bila ya kumfikiria rais yeyote. Picha huchakaa pamoja na habari zake, dua hubaki. Huo ndio mstari baina ya tangazo na sanaa, na unaweza kupita ndani ya doti moja.

Namna ya pili ni kanga ya utalii. Tangu Mji Mkongwe uwekwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na hata kabla yake, vichochoro vya Hurumzi na Gizenga vimejaa nguo, mikoba, mito ya viti na vitambaa vya meza vilivyoshonwa kwa kanga. Kazi hizo zinawalisha mafundi na vikundi vya akina mama, wala si haki yetu sisi tulioshiba kuwalaumu. Lakini tazama mkasi unapita wapi. Fundi anatafuta rangi na maua, maneno yanamsumbua. Mara nyingi jina hukatwa likatupwa na makombo. Pengine huachwa, likaingia ndani ya mshono, likasomeka nusu: *Hasidi hana*, basi. Nimeona gauni ambalo jina lake limekaa juu chini, likimpanda mvaaji ubavuni kama sisimizi. Mteja wa gauni hilo hakukosea. Hajui Kiswahili, na kwake yale ni mapambo. Ila soko linapohama kutoka kwa anayesoma kwenda kwa asiyesoma, mwenye duka huzinduka kwamba jina ni gharama isiyo na faida. Ushindani uliozaa maneno utayafuta kwa hesabu ileile.

Wala tusimsingizie mgeni kila jambo. Sisi wenyewe tumeipa kanga uso wa mgongo. Dira limechukua nafasi yake njiani na harusini, nalo halina jina. Kanga imerudi jikoni, chumbani na msibani. Na yule mwenye neno la kumwambia jirani ameligundua dirisha jipya: huliweka kwenye hali ya WhatsApp, ambako misemo ileile ya kanga, pamoja na mipya isiyo na mizani, hukaa saa ishirini na nne kisha ikatoweka. Sioni ubaya wa hilo. Ila maneno yasiyogharimu kitu hayachaguliwi kwa uchungu. Mwanamke aliyenunua doti alijua ataishi nayo miaka; aliyabeba maneno yake begani, akayafua, akambebea mtoto, na pengine siku moja yakamfunika.

Namna ya tatu ni kanga ya makumbusho. Mwaka 2013 Makumbusho ya Uingereza yalifanya maonyesho ya nguo za Afrika ya leo, na kanga ikawekwa mahali pa heshima. Kadhalika msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kulelewa Uingereza, na aliyeshinda Tuzo ya Turner mwaka 2017, ameifanya kanga kuwa umbo la uchoraji wake. Katika mfululizo wake uitwao *Kangas from the Lost Sample Book*, alizichora kanga juu ya karatasi, pindo, mji na maneno, kana kwamba ni kurasa zilizosalia za kitabu cha vielelezo vya mfanyabiashara kilichopotea. Kuna jambo la kutufunza katika kazi hii. Msanii anayeishi mbali ameelewa kile ambacho mafundi wetu wa vichochoroni wanakikata kwa mkasi: kwamba bila ya maneno kanga ni kitambaa. Na ameelewa zaidi, kwamba daftari la mwenye duka ni hazina ya sanaa inayostahiki kuombolezewa ikipotea.

Lakini hebu tuone pia kilichobadilika safarini. Kanga ya ukutani ina mtunzi, na jina lake linajulikana. Bei yake inatokana na jina hilo. Hakuna anayeweza kuivaa akasema, "Mimi nimenunua tu." Haina jirani, haina kamba, haina jua la upande ule. Inasema nasi sote kwa pamoja na hivyo haisemi na mtu. Silitaji hili kama kasoro ya msanii, kwani picha ni picha na nguo ni nguo. Nalitaja ili tusidhani kwamba kanga ikishafika makumbusho imeokolewa. Kilichookolewa ni maandishi. Mazungumzo yalibaki Mchangani, na huko ndiko yanakoweza kufa.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuihakiki. Shule zetu hufundisha methali, nahau, shairi na utenzi, na hufanya vyema. Jina la kanga hutajwa kwa sentensi moja chini ya fasihi ya wanawake, kisha hupitwa. Katika kurasa kama hizi tumeshahakiki diwani zisizosomwa na watu mia mbili, ilhali mistari inayovaliwa na maelfu hatuisemi lolote. Kila mwaka kabla ya Sikukuu hutoka majina mapya. Mengine ni mazuri, mengi ni marudio, na mengine yamechapwa ng'ambo na watu wasioijua lugha, herufi zikapishana hata maneno yasieleweke. Jarida la mashairi lingetimiza wajibu wake kama lingeyapima kila msimu, likasema lipi lina mizani, lipi limeiba, lipi limetuvua nguo. Mwenye duka aliyesifiwa kwa jina zuri ataagiza zuri jingine.

Pili, tuyakusanye. Masanduku ya bibi zetu yana maktaba ambayo hakuna anayeiorodhesha. Kila sanduku linapofunguliwa baada ya mazishi, kanga hugawiwa, zikatumika, zikararuka, zikawa matambara. Si vibaya zitumike, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini kabla ya kugawa, mtoto wa nyumba anaweza kuyaandika majina yote, na mwaka takriban wa kila moja, na alama ya duka, na mkasa kama unajulikana. Daftari la shilingi chache litatosha.

Tatu ni la malipo, nalo ni gumu zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inamlinda mtunzi wa kazi ya fasihi, na sioni kwa nini mtunzi wa mstari unaouza shehena nzima asilipwe haki yake. Lakini nisingependa jina lake lichapwe chini ya mji. Tukimweka mtunzi pale, tutamwondoa mvaaji. Alipwe dukani, kwa hati, kama mpishi wa karamu anavyolipwa. Mezani wale chakula, wasiseme habari za mpishi. Najua washairi wenzangu hawatalipenda shauri hili, maana sisi tumezoea kujitaja katika ubeti wa mwisho. Huenda kutojitaja ndiko mtihani mkubwa kuliko mizani.

Na mwenye kudhani kwamba kunyamaza kwa kanga si hasara na akumbuke kisutu, kanga ya bi harusi yenye wekundu, weusi na weupe, ambayo kwa desturi haina jina. Kimya chake ni kizuri kwa sababu kanga nyingine zote sandukuni zinasema. Siku zote zikinyamaza, kisutu kitakuwa nguo nyekundu tu, wala hakuna atakayejua kwamba palikuwa na jambo la kunyamaziwa.

Wiki iliyopita nilipita tena Mchangani. Binti mmoja, hakupata miaka ishirini, alikuwa akichagua doti ya kumpelekea mama yake. Alitazama rangi, akatazama simu yake, akauliza bei. Mwenye duka, mzee wa watu, alitaja bei, kisha akangoja kidogo, mkono wake ukiwa bado juu ya mkunjo unaoficha maneno. Binti alikwisha kutoa fedha ndipo mzee akamwambia, "Mwanangu, hujaniuliza inasemaje." Binti akacheka kwa haya. Mzee akaikunjua yote.